Mashua ya Sebuleni

Talaka ilipotoka, vitu viligawanywa bila ugomvi. Kabati likaenda kwa mke, kitanda kikabaki kwa mume, sufuria zikapangwa kubwa kwa ndogo, na hata pasi mbovu yenye waya uliokatika ilipata mwenyewe. Kilichoshindikana ni mashua. Ilikuwa imekaa sebuleni miaka na miaka, nusu yake mahali pa kochi, nusu mahali pa meza ya chakula. Binti yao Kidosho, aliyesimamia mgawanyo huo kalamu ikiwa sikioni kama karani wa mahakama, aliizunguka mara mbili, akapiga ubavu wake kwa kiganja, akasema, "Na hii tuipasue kwa msumeno?" Hakuna aliyecheka.

Mnashangaa mashua inafanya nini sebuleni. Hata majirani walishangaa, mpaka wakachoka. Baba Kidosho alikuwa fundi wa makochi, na mtaa ulimwita Sponji, kwa kazi yake na kwa tabia yake pia: ukimbonyeza anaingia ndani, ukimwachia anarudi kama alivyokuwa. Mama Kidosho alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Yeye walimwita King'ora, lakini si mbele yake. Ukimwambia mwanamke yule haraka haraka haina baraka, anakujibu, "Kamwambie mwenye pumu." Sasa watu wawili wa namna hiyo waliwezaje kuishi nyumba moja miaka yote ile? Waliweza. Tena waliishi vizuri, kwa muda mrefu kuliko watu waliotabiri.

Mashindano ya mashua aliyaona Mama Kidosho kwenye televisheni ya hospitali, akisubiri mgonjwa ashushwe. Mashua ndogo, watu wawili wawili, hakuna injini, ni tanga na makasia tu, kutoka mdomo wa mto wa kwao hadi mji wa bandari ulioko kaskazini kabisa, siku kadhaa za kufuata pwani. Alirudi nyumbani akasema, "Baba Kidosho, tutaingia hii," kama mtu anayesema tutanunua chumvi. Mumewe alikuwa na mbao nyembamba zilizobaki kwenye makochi. Uwanja hawakuwa nao. Basi wakaanzia sebuleni, jioni baada ya jioni, yeye akipinda mbao kwa mvuke wa birika, mkewe akipaka gundi, na wageni wakija wanakaa ukingoni mwa mashua wanakunywa chai na kutoa ushauri ambao haukuombwa.

Kilichowatenganisha ni simu moja. Hospitali ya mji wa bandari ilimtaka Mama Kidosho akawe kiongozi wa madereva wao. Walipiga mchana, yeye amelala, ametoka zamu mbili mfululizo. Mume akapokea. Akamtazama mkewe alivyojitupa kitandani na viatu, akaona huruma, akawajibu kwa sauti ya chini, "Mwenzangu amechoka sana, jamani. Kazi hiyo itammaliza. Tafuteni mwingine, asanteni." Akaikata simu, akamvua viatu taratibu. Wala hakusema kitu. Mkewe alikuja kuambiwa na dereva mwenzake, miezi imeshapita, nafasi imeshajazwa.

"Ungeniamsha tu," alisema siku ile. "Mimi ningekataa au ningekubali. Lakini ungeniamsha."

Sponji alidhani hasira ile itapita kama zilivyopita nyingine. Haikupita. Maana akili ya mwanamke ilianza kurudi nyuma na kuyaokota: safari aliyoghairishiwa, nywele alizoshauriwa asikate, mjomba wake aliyefichwa kuwa ni mgonjwa mpaka alipopona, yote kwa upendo, yote kwa ajili yake. Akaona ameishi miaka yote kwenye kiti cha abiria, yeye dereva. Akaondoka.

Lakini majina yao mawili yalikuwa yameshaandikishwa kwenye mashindano, na waandaaji hawabadilishi majina. Kila mmoja alimwomba mwenzake ajitoe, na kila mmoja akakataa. Mwishowe Kidosho akawaamulia: nendeni, mkifika iuzeni, muachane kwa amani. Mnunuzi akapatikana hukohuko mji wa bandari, mwalimu wa michezo wa shule fulani. Na Mama Kidosho, ambaye alikuwa ameomba mwenyewe kazi hospitali ile, safari hii akapewa udereva wa kawaida. Alikubali hivyohivyo. Kwa hiyo ilijulikana: wakifika, yeye anabaki kule, na mwenzake anapanda basi kurudi kwenye nyumba yenye ukuta uliobomolewa, maana mashua ilikuwa pana kuliko mlango na ilibidi dirisha la sebuleni livunjwe mpaka chini ndipo itoke. Majirani walipiga makofi siku hiyo. Sponji alitabasamu, lakini alipoingia ndani akakuta sebule imekuwa kubwa, ilimuuma.

Katika mashindano yale kila mtu alikuwa anaomba afike upesi. Kasoro mtu mmoja.

Sharti moja la waandaaji lilikuwa hili: jua likizama, kila mashua iwe imeshapanda ufukweni, popote ilipo, hakuna kusafiri gizani. Na la pili: siku ya mwisho, jua likizama, mstari unafungwa. Atakayechelewa hahesabiwi kuwa amefika. Mama Kidosho hakuwa na habari ya ushindi, asiwadanganye mtu. Wenzao walikuwa vijana wenye mikono kama mihimili. Yeye alitaka kufika tu. Alitaka jambo moja maishani alilolianza mwenyewe alimalize mwenyewe, na alilisema hivyo wazi walipokuwa wanaisukuma mashua majini.

"Sawa," alisema Sponji.

"Usiseme sawa. Piga kasia."

Sasa tazameni kiti cha mpiga makasia kilivyo. Mpiga makasia hukaa ameupa mgongo mwendo. Haoni aendako, anaona atokako, na kati yake na atokako amekaa mshika usukani. Kwa hiyo upepo ulipopungua, na ulipungua mara nyingi, Sponji alikaa siku nzima magoti yake yakikaribia kugusana na magoti ya mwanamke aliyekuwa mkewe, uso kwa uso, hakuna pazia.

"Usinitazame," alisema Mama Kidosho.

"Nitazame wapi? Ndivyo kiti kilivyo."

"Tazama pwani."

Akatazama pwani. Pwani ilikuwa nzuri kwa kadiri yake. Baada ya makasia machache macho yalirudi yenyewe. Aliona jinsi anavyokunja jicho la kushoto akipima upepo, alivyofunga kichwa kwa kitambaa cha zamani cha bluu, alivyouma mdomo wa chini. Vitu hivyo alikuwa navyo bure kila asubuhi, akivipita kwenda kutafuta gundi. Alimtamani mtu ambaye angeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono, na mkono wenyewe ulikuwa kwenye kasia.

Jioni walilala ufukweni, mmoja upande huu wa mashua, mwingine upande ule. Waliongea mambo ya kazi tu: kamba, maji ya kunywa, mayai ya kuchemsha yabaki mangapi. Waliitana Baba Kidosho na Mama Kidosho kama zamani, maana hawakuwa na jina jingine la kuitana. Talaka haifuti jina la mtoto. Na kila asubuhi Sponji alipoamka akaona mashua bado ipo na mwenzake bado anachemsha chai, alijiambia, bado leo.

Mahali pa hatari katika njia nzima palikuwa pamoja tu: mlango mwembamba kati ya kisiwa na nchi kavu. Maji yakijaa, mkondo unaingia humo na kukubeba kwenda kaskazini. Yakianza kupwa, mkondo unageuka na kukurudisha ulikotoka, na mashua ya makasia mawili haina ubavu wa kubishana nao. Mama Kidosho alikuwa ameipanga siku hiyo tangu sebuleni. Lazima waingie kabla ya saa sita mchana. Na ndani yake kuna fungu la mchanga, unalipita kwa kushoto, kulia hakuna maji.

Alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri, na macho yalianza kumdanganya. Upepo ulikuwa mzuri, tanga limejaa. Akampa Sponji usukani. "Nalala kidogo. Tukifika usawa wa lile jiwe lenye ndege, pale mlangoni, niamshe, nipitishe mimi." Halafu, kwa sababu alimjua mtu wake, akaitega simu iite, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki karibu na usukani, akajikunja mbele juu ya magunia ya nguo. Mara moja usingizi ukambeba.

Sponji hakuwa amemwona amelala tangu alipoondoka nyumbani. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, mkono mmoja chini ya shavu, chumvi kwenye nyusi. Akawaza, mwanamke huyu amechoka. Akawaza, simu hii itamshtua. Na kidole chake, jamani, kidole kilekile, kikaizima.

Hakukomea hapo. Tanga lilikuwa linapigapiga kila upepo ukiyumba, na mpigo ule ungemwamsha, basi akalegeza kamba ya tanga ili litulie. Tanga likatulia, na mashua ikapunguza mwendo ikawa kama inatembezwa. Jiwe lenye ndege likaja, na ndege wake wote, likapita. Nitaipitisha mwenyewe, alijisemea, ataamka aone tumeshapita, atafurahi. Akashika kulia. Hakushika kulia kwa kusahau, alishika kulia kwa sababu kulia kulikuwa na kivuli cha kisiwa, na jua lilikuwa limeanza kumpiga mwenzake usoni.

Fungu liliwapokea polepole, bila hata kishindo. Sponji akashuka majini, maji yakamfika magotini, akaisukuma mashua kwa tumbo akitembea kwa ncha za vidole, kama mwizi ndani ya chumba cha mtoto. Ikatoka. Ikakwama tena. Akaisukuma tena. Alipofanikiwa kuirudisha kwenye maji yenye kina, aliona povu likipita ubavuni mwa mashua kwa mbio, akafurahi, kisha akaangalia vizuri. Lilikuwa linaelekea kusini.

Kilichomwamsha Mama Kidosho ni ule ukimya. Aliinuka, akatazama maji, akatazama kisiwa, akatazama tanga lililolegea.

"Jiwe liko wapi?"

"Tumelipita."

"Saa ngapi sasa?"

Mama Kidosho akauchukua mfuko, akaitoa simu, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Ulikuwa umelala vizuri," alisema Sponji. Hata yeye aliisikia ilivyokuwa dhaifu.

Afadhali angepiga kelele. King'ora alikuwa na sauti ya kusimamisha malori. Lakini alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayesoma jina lake kwenye mlango wa ofisi iliyofungwa, "Baba Kidosho. Umeniamulia tena."

Mashua ilikuwa inarudishwa nyuma wakati huohuo, na jiwe lenye ndege lilianza kuonekana upya, safari hii upande wa pili. Mkondo wa kwenda kaskazini ungerudi gizani, na gizani hairuhusiwi. Wakingoja wa kesho, jua litazama kabla hawajaifikia bandari. Waliyajua yote hayo wote wawili, hakukuwa na haja ya kuyasema.

Mama Kidosho akaitazama pwani. Ukingoni kabisa, maji ya kiunoni, mkondo ulikuwa mdogo. "Miguu si injini," alisema. "Sharti linakataza injini. Tutaivuta kwa kamba."

Sponji alishaanza kujifunga kamba begani. "Kaa wewe, nitavuta mimi, wewe pumz..." Akakatiza. Sijui alilisikia neno lake mwenyewe au aliuona uso wa mwenzake. Alisimama na kamba mkononi, akauliza swali ambalo katika ndoa nzima hakuwahi kuliuliza. "Unataka ipi? Kuvuta au usukani?"

Mama Kidosho akamtazama kama anayesikia lugha ya wageni. "Kuvuta," alisema.

Akavuta. Mnadhani mwenye kazi ngumu hapo ni nani? Mwanamke alikuwa anazama mpaka kifuani na kuibuka, anateleza kwenye mawe, anatukana mawe, anaendelea. Lakini yule aliyekaa nyuma, kakamata usukani, macho kwenye mgongo wa mtu anayempenda uliovimba mishipa, na haruhusiwi hata kusema pole! Mara nne mguu wake ulishatoka nje ya mashua. Mara nne akaurudisha. Aliuma kola ya shati. Kazi yake ilikuwa kuizuia mashua isigonge mawe na kuzuia mdomo wake, na ya pili ndiyo ilimtoa jasho.

Baadaye, bila kugeuka, Mama Kidosho akasema, "Njoo sasa zamu yako," na Sponji akaruka majini kama mtu aliyefunguliwa pingu. Walipokezana hivyo mchana kutwa, kila mmoja akisema anapotaka kuacha. Jua lilipokuwa linagusa miti ya nchi kavu, mlango ulikuwa nyuma yao. Waliipandisha mashua, wakaketi mchangani, wakala biskuti zilizolowa.

Nyayo za Mama Kidosho zilikuwa zimechanika vibaya. Sponji akatoa bandeji kwenye kopo la dawa. Akaishika. Halafu akaiweka mchangani kati yao, akaondoa mkono. Mwanamke akaichukua, akajifunga mwenyewe, kwa ustadi wa mtu anayeona majeraha kila siku.

"Ile simu ya hospitali," alisema Sponji. "Nilikosea. Si kwa sababu uliondoka. Nilikosea siku ileile, na nilijua, ndiyo maana sikukwambia. Nilidhani ndivyo kupenda."

"Ulikuwa unanipenda. Hilo sijawahi kulikana hata kwa Kidosho." Mama Kidosho alivuta fundo la bandeji kwa meno. "Lakini ulinipenda kama wateja wako wanavyopenda kochi jipya. Wanaliacha na nailoni yake, mtu asilikalie lisichakae. Linazeekea ndani ya nailoni, Baba Kidosho. Na joto lake humo ndani hulijui."

Wateja wa namna hiyo Sponji aliwafahamu kwa majina. Na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia waiache nailoni.

Siku ya mwisho upepo uliwatania. Asubuhi ulikuwapo, ukapotea, wakapiga makasia mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mchana ukarudi mwembamba lakini wa nyuma, wa kusukuma. Mama Kidosho hakuwa amelala kwa maumivu ya miguu. Alimpa Sponji usukani, akaenda mbele kwenye magunia.

"Nalala," alisema. "Ukiuona mnara wa bandari, niamshe. Si tukiukaribia. Ukiuona."

"Sawa."

Simu hakuitega. Sponji aliliona hilo. Alimsubiri aitege, hakuitega, akajikunja akalala, na simu ikabaki mfukoni mwa mwanamke.

Basi pakawa na upepo, na tanga, na mwanamke aliyelala, na pwani inayopita taratibu. Siku njema kuliko zote. Sponji alitamani Mungu aisimamishe hapohapo, naye asimwombe kitu kingine maishani. Alitamani kelele zake jikoni. Alitamani viatu vyake mlangoni, ambavyo alikuwa akijikwaa navyo na kunung'unika. Alitamani kuambiwa usinitazame. Kule mbele palikuwa na mstari wa maboya, na baada ya mstari palikuwa na basi, na baada ya basi nyumba yenye turubai mahali pa dirisha. Alijua kabisa kwamba kila wimbi lililoinyanyua mashua lilikuwa linamtoa mtu huyu mkononi mwake.

Na hapo kwenye upeo kikaonekana kitu. Chembamba, kama sindano iliyochomekwa kwenye mto wa kochi. Kinaonekana, kinapotea.

Kinaweza kuwa mti, alijiambia. Mlingoti wa meli. Na hata ukiwa mnara, uko mbali, jua bado liko juu, upepo unawapeleka wenyewe, safari hii akimwacha alale hakuna kitakachoharibika. Kweli, hakuna ambacho kingeharibika. Wangefika vilevile. Angepata saa nzima nyingine ya kumtazama bila kukatazwa, saa ya mwisho, nani angemnyima? Mwanamke akageuza kichwa usingizini, akasema kitu kisichoeleweka, akatulia. Sponji machozi yakamjaa mpaka sindano ile ikawa mbili.

Akainama, akamgusa bega.

"Mama Kidosho. Mnara."

Alifungua macho. Akajiinua kwa kiwiko, akatafuta, akakunja jicho la kushoto. Ilimchukua muda kuuona.

"Ule kule?"

"Ule."

"Mbali hivyo?"

"Ulisema nikiuona."

Mama Kidosho aliutazama mnara, akamtazama mshika usukani, macho mekundu, midomo iliyopasuka, akaelewa mwenzake alichokipata na alichokipoteza kwa kumgusa bega. Alijipangusa uso kwa kile kitambaa cha bluu, akakaa nacho usoni zaidi ya inavyohitajika. Kisha akaja nyuma akitembea kwa magoti, akakaa kwenye kiti cha makasia, uso kwa uso na yeye.

"Sitaki tufike," alisema Sponji. Ilimtoka tu.

"Najua. Tangu siku ya kwanza unapiga kasia kama mtu anayesindikiza maiti." Akashika makasia. "Hata mimi kuna saa sikutaka. Jana, kwenye kamba, uliponyamaza. Nilisema moyoni, ungekuwa hivi tangu mwanzo." Akaanza kupiga. "Lakini tunafika, Baba Kidosho. Kaza hiyo kamba."

Akaikaza. Tanga likajaa, na mashua ya mbao za makochi ikaondoka kwa mwendo ambao haikuwahi kuonyesha tangu itoke sebuleni.

Walivuka mstari jua likiwa bado na kimo cha mtu juu ya mapaa ya mji. Nyuma yao ilibaki mashua moja tu, ya vijana wawili waliovunjikiwa usukani. Mtu wa waandaaji alipuliza filimbi, akawapigia makofi peke yake, wengine walikuwa wameshaenda kula. Kidosho alipiga simu akilia na kucheka, akataka kujua nani amemuua nani. Mwalimu wa michezo alikuwa gatini na suruali iliyokunjwa, tayari kuipokea mali yake, akasema mashua ni nzuri, akauliza kama kopo la kukombea maji yanayoingia linakwenda pamoja nayo. Wakamwambia linakwenda.

Kisha begi. Mkono wa Sponji ulishalifikia mkanda. Akaurudisha.

"Nikusaidie?"

"Hapana," alisema Mama Kidosho. "Asante kwa kuuliza."

Alilitupa begi begani, akapanda ngazi za gati akichechemea, miguu miwili ya bandeji ndani ya ndala. Gari la hospitali lilikuwa linamsubiri upande wa barabara, na dereva mwenzake mpya anapunga mkono. Sponji alibaki ndani ya mashua, amekaa palepale pa usukani, mikono magotini. Hakumwita. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinaita.

Juu ya gati, Mama Kidosho akasimama. Akarudi hatua mbili tatu, mpaka ukingoni, akamwinamia.

"Jumapili huwa sina zamu," alisema.

Sponji aliinua uso. "Nije?"

"Sikusema uje. Nimesema sina zamu. Kuja na kutokuja ni lako, usiniulize mimi." Akalirekebisha begi, akageuka, akaenda zake, na safari hii hakugeuka tena.

Gari lilipoondoka mwalimu alisubiri kwa adabu, kisha akakohoa. "Mzee, unashuka?"

"Nakuja, mwalimu. Nivumilie kidogo, miguu imekufa ganzi." Sponji akapangusa uso kwa kiganja. Siku za majini zilikuwa zimemchanganya, hakujua tena ipi ni ipi. "Hivi leo ni siku gani?"

"Jumatatu," alisema mwalimu.

Sponji akatikisa kichwa kukubali, akabaki amekaa.